Jicho la samaki na jicho la rula: lenzi mbili na picha za Ituri

BIGO, BUNIA. Mtaani Bigo, kama katika mitaa mingine ya mji wa Bunia, habari za kijijini siku hizi hufika kwa foto. Chukua mfano wa familia iliyokimbia Djugu na kupokelewa na ndugu zake mjini. Jioni simu inalia. Kijana aliyerudi kuangalia shamba ametuma picha ya uwanja wa nyumbani. Watu wanakusanyika kuitazama. Baba mkubwa anasema mwembe umesogea mbali na barabara. Mama anasema kilima cha nyuma kimekuwa kifupi, huenda hapa si kwetu. Mtoto wa shule anaona ukuta wa jirani umeegemea upande. Maneno yanaanza: nani amebomoa, nani amejenga, nani amehamisha mpaka wa shamba?

Huenda hakuna aliyehamisha kitu. Huenda kijana alibonyeza tu ile alama ya 0.5 kwenye simu yake ili uwanja wote uingie ndani ya picha. Alama hiyo hufungua lenzi pana kuliko ile ya kawaida, na lenzi pana ina tabia zake. Wapiga picha wa Bunia, ambao wengi wao huiita objektifu kama walivyofundishwa kwa Kifaransa, wanajua kwamba lenzi pana ziko za aina mbili. Moja hupinda mistari. Nyingine huinyoosha. Kila moja husema kweli fulani na huficha nyingine.

Kwa watu ambao nyumba yao, mtoto wao aliyepotea au kesi yao ya shamba iko ndani ya picha, tofauti hiyo si jambo la mafundi peke yao. Historia yake ni ndefu, na sehemu ya historia hiyo imepita hapa Kongo, hata hapa Ituri.

Chungwa haliwezi kulazwa mezani

Ili kuelewa lenzi hizi mbili, inatosha kumenya chungwa. Ganda lake ni la mviringo. Ukitaka kulilaza mezani liwe bapa, utalichana au utalivuta. Hakuna njia ya tatu.

Wachora ramani walikutana na shida hiyo zamani. Ramani ya Mercator ya mwaka 1569, ambayo shule nyingi bado zinatundika picha za mfano wake ukutani, huvuta nchi zilizo karibu na ncha za dunia. Ndiyo maana Greenland inaonekana kubwa mno, karibu sawa na Afrika nzima. Kumbe Kongo yetu peke yake, yenye kilomita za mraba zaidi ya milioni 2.3, ni kubwa kuliko Greenland, ambayo haifiki milioni 2.2.

Mpiga picha naye yuko katikati ya dunia inayomzunguka pande zote, kama mtu aliye ndani ya chungwa. Akikata kipande kidogo cha dunia hiyo, kama lenzi ya kawaida inavyofanya, ganda ni dogo na linalala bila taabu. Akitaka kipande kikubwa, digrii 100 au 120 au 180, lazima achague: kulivuta ganda kwenye kingo, au kuliacha lipinde.

Lenzi pana inayonyoosha mistari huvuta. Nguzo ya nyumba inabaki wima, paa linabaki limenyooka, barabara inakwenda moja kwa moja kama imepigwa rula. Lakini mtu aliyesimama pembeni mwa picha hupanuka. Kwa lenzi ya milimita 14 kwenye kamera ya filamu ya kawaida, kichwa cha mtu aliye kwenye ukingo wa kulia au wa kushoto hutokea kipana mara 1.6 kuliko kilivyo kweli, hali mtu huyohuyo akisimama katikati angeonekana sawasawa.

Lenzi ya jicho la samaki haivuti hivyo. Huacha mambo yapinde. Nguzo iliyo pembeni hukunjika kama upinde wa mwindaji, na barabara iliyonyooka hugeuka duara. Lakini kichwa cha mtu aliye pembeni hakipanuki sana, na lenzi inaweza kumeza digrii 180 nzima, mbele yote, toka bega la kulia hadi bega la kushoto. Mwenye kutaka mfano wake atazame kioo kidogo cha pikipiki ya teksi: barabara yote imo ndani, imejikunja, na gari lililo karibu linaonekana liko mbali.

Kwa hiyo ule mzozo wa zamani kati ya wapenda lenzi hizi mbili una msingi. Anayetaka kuokoa nyumba anaharibu uso. Anayetaka kuokoa uso anaharibu nyumba.

Rula ilitangulia

Lenzi za kwanza za kamera zilikuwa zikipinda mistari bila kutaka. Mwaka 1866 mafundi wawili, John Henry Dallmeyer wa London na Adolph Steinheil wa Ujerumani, kila mmoja kwake, walitoa lenzi ya namna moja. Walichukua vioo viwili vya jozi, wakaweka kimoja mbele ya tundu la mwanga na kingine nyuma yake. Kile cha mbele kilipopinda mstari upande huu, cha nyuma kiliupinda upande wa pili, na mwisho wa yote mstari ukatoka umenyooka. Dallmeyer aliipa lenzi yake jina lenye maana hiyohiyo ya kunyoosha mistari. Haikuwa lenzi pana sana, lakini lenzi za mpango huo zilienea duniani kwa miaka mingi.

Ni katika zama hizo za mistari iliyonyooka ndipo Kongo ilipoanza kuonekana duniani kwa picha. Mwaka 1904, huko Baringa, katika eneo la kampuni ya mpira iliyoitwa ABIR, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba mmoja aitwaye Nsala. Nsala ameketi kwenye baraza, na mbele yake kuna mkono na mguu wa binti yake mdogo, vyote vilivyobaki baada ya walinzi wa kampuni kumwua. Picha hiyo na nyingine zake zilioneshwa kwa taa ya ukutani katika mikutano mingi ya Uingereza na Marekani. Mwaka 1905 mwandishi wa Marekani Mark Twain alitoa kijitabu cha dhihaka ambamo Mfalme Leopold analalamika kwamba kamera ndiyo shahidi pekee aliyemshinda kumhonga. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia serikali ya Ubelgiji nchi aliyoimiliki kama shamba lake.

Neno hilo la kamera isiyohongwa limebaki vichwani mwa watu wengi. Nalo ni la kweli kwa sehemu: hakuna aliyeilipa kamera ya Harris iseme uongo. Lakini kuna jambo lingine lililosaidia picha ya Nsala kuaminiwa. Imepigwa kwa utulivu, kwa umbali wa kawaida, bila kitu kupinda wala kuvutwa. Mtazamaji wa mbali anaona baba aliyeketi, jinsi ambavyo angemwona kama angekuwa amesimama pale mwenyewe.

Miaka michache baadaye, mwaka 1909, Herbert Lang na James Chapin walifika Kongo wakitumwa na jumba la makumbusho ya viumbe la New York. Walikaa kaskazini mashariki mwa nchi hadi mwaka 1915, wakipita katika misitu na miji midogo ya upande huu wetu. Lang alirudi na karibu picha 10,000. Yeyote aliyetembea katika msitu wa Ituri anajua kazi hiyo ilivyo. Msituni hakuna nafasi ya kurudi nyuma. Ukirudi hatua tano ili mti au nyumba yote iingie, tayari kuna mti mwingine kati yako na kile unachopiga. Ndani ya nyumba ndogo ni vivyo hivyo: mgongo unagusa ukuta. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya watu kutafuta lenzi pana. Haikuwa urembo. Ni kukosa mahali pa kusimama.

Wajerumani walikuwa wamekwisha kujibu shida hiyo. Mwaka 1900 kampuni ya Goerz ya Berlin ilitoa lenzi iitwayo Hypergon, kazi ya fundi Emil von Höegh, ambayo iliona karibu digrii 135 na bado ikanyoosha mistari. Lakini ilikuwa na deni. Kadiri mwanga unavyoingia kwa mshazari, ndivyo unavyofika dhaifu. Katika lenzi ya namna hiyo, mahali palipo digrii 60 kutoka katikati hupata sehemu moja tu kati ya 16 za mwanga wa katikati. Kingo hutoka nyeusi. Goerz waliweka kitu cha ajabu mbele ya lenzi: nyota ndogo ya chuma iliyozungushwa kwa pumzi ya mpira unaobonyezwa kwa mkono. Nyota hiyo ilizuia mwanga wa katikati kwa muda ili kingo zipate zamu yao, kisha ikaondolewa.

Samaki alivyoingia katika kamera

Jicho la samaki lilitoka kwa mtu aliyejiuliza swali ambalo wavuvi wa Tchomia na Kasenyi wangeweza kujiuliza pia: samaki aliye ndani ya Ziwa Albert anaionaje pwani?

Mwanga ukiingia majini hupinda. Kwa sababu hiyo samaki anayetazama juu hauoni uso wote wa maji ukiwa wazi. Anaona duara la mwanga lenye upana wa digrii 97 hivi, na ndani ya duara hilo mna kila kitu kilicho juu ya maji, kutoka upeo wa macho upande huu hadi upeo wa upande wa pili. Mtumbwi, mvuvi, kilima na wingu vyote vimebanwa humo. Nje ya duara, uso wa maji unarudisha tu sura ya mambo ya chini.

Mwanafizikia wa Marekani Robert Wood alitaka kuona hivyo kwa kamera. Mwaka 1906 aliandika juu ya majaribio yake ya kupiga picha kupitia maji, akitumia tundu dogo badala ya lenzi, na ndiye aliyeleta jina la jicho la samaki. Kilikuwa kitu cha darasani, na mtu hangeweza kwenda nacho safari.

Mwaka 1924 Mwingereza Robin Hill alibuni lenzi ya kioo iliyofanya kazi hiyo bila maji. Hakuikusudia kwa nyuso wala kwa nyumba. Aliitaka kwa mawingu. Mtu aliyetaka kujua mbingu nzima ilivyo kwa saa fulani aliweka kamera chini, lenzi ikitazama juu, na mbingu yote ikaingia katika picha moja ya duara. Huko Japani kampuni ambayo leo inaitwa Nikon ilitengeneza lenzi ya namna hiyo mwaka 1938, nayo pia kwa kutazama anga. Mwaka 1962 Nikon ikatoa lenzi ya jicho la samaki ya milimita 8 kwa kamera ya mkononi, na hapo ndipo waandishi wa picha wa magazeti walipoanza kuichezea. Mwaka 1970 ilioneshwa nyingine ya milimita 6, yenye uzito wa zaidi ya kilo 5, iliyoona digrii 220. Maana yake ni kwamba iliona hata nyuma yake kidogo, na mpiga picha asipoangalia miguu yake mwenyewe inaingia.

Kwa nini watu wa anga walikubali picha iliyopinda? Kwa sababu kupinda kwake kuna kipimo. Katika lenzi nyingi za jicho la samaki, kila digrii hupewa nafasi ileile, au karibu ileile, toka katikati hadi ukingoni. Kitu kilicho nusu ya njia kati ya utosi na upeo wa macho, yaani digrii 45, kinakaa nusu ya njia kati ya katikati ya duara na ukingo wake. Mtu mwenye rula anaweza kupima juu ya picha na kujua jua lilikuwa juu kiasi gani.

Wataalamu wa misitu wakaona faida. Mwaka 1959 watafiti wa Uingereza walitumia lenzi ya Hill chini ya miti ili kujua mwanga kiasi gani unapenya kati ya majani. Njia hiyo leo inatumika katika misitu ya dunia nzima. Mtu wa Mambasa au Epulu anaweza kuelewa haraka inachopima. Anajua kwamba ukiingia mahali penye miti ya mbau peke yake, giza ni zito na chini hakuna vichaka vingi. Ukitoka hapo na kuingia msitu wa miti mchanganyiko, jua linaonekana kwa madoadoa. Picha ya jicho la samaki ikitazama juu hugeuza jambo hilo kuwa hesabu: weupe wa anga kiasi hiki, weusi wa majani kiasi hiki. Lenzi ya rula haiwezi kufanya kazi hiyo. Hata iwe pana vipi, haitafika digrii 180, kwa sababu ili kunyoosha mistari hadi hapo ingehitaji karatasi isiyo na mwisho.

Hivyo, lenzi iliyoonekana ya utani ndiyo ikawa chombo cha kipimo, na lenzi iliyoonekana ya ukweli ndiyo inayovuta kingo. Jambo hilo lifaa kukumbukwa kila mtu anaposema picha iliyopinda ni ya uongo na iliyonyooka ni ya kweli.

Bunia, 2003

Mwezi wa tano mwaka 2003, baada ya jeshi la Uganda kuondoka Bunia, mapigano yaliwaka mjini. Maelfu ya watu walikimbilia karibu na makao ya MONUC na uwanja wa ndege. Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1484, na mwezi wa sita askari wa operesheni Artemis wakiongozwa na Ufaransa wakaingia. Waandishi wa picha wa mashirika makubwa ya habari walifika pia, na kwa majuma kadhaa jina la Bunia lilikuwa katika magazeti ya dunia.

Mwaka huo kamera za dijitali zilikuwa zimeanza kuiondoa filamu katika kazi ya habari, na zilikuwa na kasoro moja. Sehemu yao ya kupokea mwanga ilikuwa ndogo kuliko filamu, kwa hiyo nyingi zilikata kingo za picha. Lenzi ya milimita 17, ambayo zamani ilikuwa pana sana, iliona kama ya 26. Mwaka huohuo wa 2003 Nikon ilileta lenzi mbili za kuponya jambo hilo: moja ya milimita 12 hadi 24, iliyonyoosha mistari, na moja ya milimita 10.5, ya jicho la samaki. Pamoja na hii ya pili kulikuwa na programu ya kompyuta iliyoweza kuichukua picha iliyopinda na kuinyoosha baadaye. Hapo ukuta kati ya lenzi hizi mbili ulianza kubomoka. Picha moja iliweza kuwa ya samaki asubuhi na ya rula jioni.

Katika mwaka huo pia kuna kipande cha video ambacho watu wa Ituri wanakijua. Kilichukuliwa tarehe 12 Februari 2003 katika kambi ya mafunzo ya Rwampara, karibu na Bunia, wakati Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC, alipoitembelea. Miaka baadaye video hiyo ilioneshwa La Haye, katika kesi yake mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, CPI. Swali lililowakabili majaji lilikuwa zito na dogo kwa wakati mmoja: baadhi ya wanaoonekana na silaha, je, ni watoto wenye umri chini ya miaka 15?

Hakuna rula ndani ya video. Urefu wa kijana kwenye kioo unategemea amesimama hatua ngapi kutoka kwa kamera, lenzi ilikuwa ya upana gani, na nani amesimama kando yake. Mtoto aliye mbele anaweza kulingana na mtu mzima aliye nyuma. Majaji walieleza kwamba kukadiria umri kwa macho ni jambo la tahadhari, wakaacha nafasi kubwa ya kukosea, na wakategemea pale ambapo ilionekana wazi kabisa kwamba anayeonekana ni mtoto. Tarehe 14 Machi 2012 Lubanga alitiwa hatiani, hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo, na mwezi wa saba akapewa kifungo cha miaka 14.

Tahadhari hiyo ya majaji ndiyo inayofaa kuigwa na familia iliyoinamia simu mtaani Bigo. Picha ni ushahidi. Lakini kuna mambo ambayo picha inayajua na mengine ambayo haiyajui.

Uso wa mtoto

Kuna kazi nyingine ya picha ambayo mashariki mwa Kongo inaifahamu vizuri. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wengi mno walivuka mpaka kwa siku chache na kuingia Goma na Bukavu. Watoto kwa maelfu waliachana na wazazi njiani. Wengi walikuwa wadogo mno kujua jina la kijiji chao. Kwa hiyo walipigwa picha, na picha zikabandikwa kwenye mbao makambini ili wazazi wapite mbele yake na kutafuta. Njia hiyo ya kutafuta jamaa kwa picha imeendelea kutumiwa na mashirika yanayounganisha familia.

Hapo lenzi ina uzito wake wote. Pua ya mtu iko mbele ya masikio yake kwa sentimita 10 hivi. Simu ikishikwa sentimita 30 kutoka usoni, masikio yako mbali kuliko pua kwa theluthi moja zaidi, na pua hutokea kubwa, masikio yakijificha nyuma. Mpiga picha akirudi mita moja na nusu, tofauti hiyo inashuka hadi asilimia 7 tu, na uso unakuwa ule ambao mama anaujua. Kosa hapa linaletwa na umbali. Lenzi pana humshawishi mpiga picha kusogea karibu ili uso ujaze kioo, na akisogea ndipo uso unapoharibika.

Mama anayetafuta mtoto ambaye hajamwona kwa miaka miwili ana kazi ya kutosha kukisia amekua vipi. Haifai kumwongezea kazi ya kukisia lenzi.

Simu hunyoosha kabla mtu hajaona

Kwa miaka mingi lenzi pana sana zilikuwa za watu wenye fedha. Hologon ya Zeiss ya mwisho wa miaka ya 1960 iliona digrii 110 bila kupinda. Nikkor ya milimita 13 ya miaka ya 1970 ilifika 118, na bei yake ilikuwa ya kununulia gari.

Mambo yaligeuka upesi. Mwaka 2016 LG iliweka lenzi pana sana kwenye simu yake ya G5. Mwaka 2019 Samsung na Apple zikafuata, kwa digrii 120 na kitu. Kamera ndogo za GoPro, zinazofungwa kwenye kofia au pikipiki, zilianza na picha iliyopinda wazi, na mwaka 2016 zikaongezewa chaguo la kunyoosha.

Kioo chenyewe cha simu ni kidogo kama punje ya hindi, nacho kwa asili yake hupinda mistari. Lakini mwenye simu haoni hivyo, kwa sababu programu iliyo ndani huinyoosha picha kabla haijatokea. Baadhi ya simu hutambua hata uso ulio pembeni na kuurudisha usipanuke. Chaguo ambalo Goerz, Hill na Nikon walilifanya kwa kioo na chuma, simu hulifanya kwa hesabu, kimyakimya, bila kumwuliza aliyeishika.

Matokeo yake kwa maisha ya waliohama yanapimika.

Kwanza, umbali. Lenzi ya 0.5 hufanya kitu cha mbali kitokee nusu ya upana na nusu ya urefu kuliko lenzi kuu ya simu ikiwa mpiga picha hajasogea. Kilima cha nyuma ya nyumba kinachukua robo tu ya nafasi iliyochukua katika picha ya zamani. Mama anayesema kilima kimekuwa kifupi ameona sawa. Ila kilichobadilika ni lenzi.

Pili, ndani ya nyumba. Kiwango cha chini cha kibinadamu kiitwacho Sphere kinasema kila mtu apate mita za mraba 3.5 za kuishi, bila kuhesabu mahali pa kupikia. Familia ya watu 5 inahitaji mita za mraba 17.5. Kibanda cha turubai cha mita 3 kwa 4 kina 12 tu. Lakini kikipigwa picha kutoka mlangoni kwa lenzi pana, kuta tatu zinaingia, ukuta wa mwisho unarudi mbali, na mtu wa ofisini aliye mbali anaona chumba chenye nafasi. Futi ya fundi au hatua za mguu zilizohesabiwa zina nguvu kuliko picha hiyo.

Tatu, wingi wa watu. Lenzi ndefu ikipiga kambi kutoka kilimani hubana vibanda vionekane vimelaliana. Lenzi pana ikipiga kambi ileile kutoka njiani hutawanya vibanda na kuacha udongo mwingi mtupu mbele. Mtu anaweza kutumia ya kwanza kusema watu wamezidi, na mwingine akatumia ya pili kusema nafasi bado ipo. Wote wawili wana picha, na picha zote mbili zilipigwa siku moja.

Nne, mpaka wa shamba. Lenzi ya rula huvuta vilivyo pembeni, na ya samaki huvikunja. Mti wa mpaka ukiwa ukingoni mwa picha, si mahali pa kuhesabia hatua. Ukiwa katikati, ukapigwa pamoja na kitu chenye urefu unaojulikana, kama jembe au mtu aliyesimama kando yake, picha inaanza kuwa na maana mbele ya chifu au mbele ya mahakama.

Swali la kuuliza

Mafundi wa studio za picha wana kanuni fupi ambazo kila familia inaweza kuzifuata. Uso upigwe kwa lenzi kuu, mtu akiwa mita moja na nusu au zaidi, katikati ya picha. Nyumba na shamba vipigwe mara mbili: kwa lenzi kuu kutoka mbali, na kwa lenzi pana ili mazingira yaonekane. Watu wasipangwe kwenye kingo za lenzi pana. Faili ya kwanza itunzwe kwenye simu iliyoipiga, kwa maana picha ikipita WhatsApp hupunguzwa, na habari zake za tarehe na lenzi hupotea. Nyuma ya picha iliyochapishwa, au katika ujumbe unaoisindikiza, yaandikwe mahali, siku, na mpiga picha alisimama wapi.

Turudi kwa ile familia na simu yake. Kabla ya kumshtaki jirani, kuna swali moja la kumtumia kijana aliye kijijini: ulisimama wapi, na ulibonyeza 1 au 0.5? Akijibu 0.5, arudi mahali palepale, asimame mlangoni kwa lenzi kuu, aweke jembe kwenye shina la mwembe, apige tena.

Na kama katika picha ya pili mwembe bado uko mbali na barabara, hapo baba mkubwa atakuwa na haki ya kuuliza nani ameusogeza mpaka.